Mistari Mitatu

Fomu imeacha mistari mitatu.
"Eleza sababu za kubadili programu."
Chini yake nukta, nukta, nukta,
kama njia ya siafu waliokwisha kupita.

Foleni imeanzia mlango wa Udahili,
ikashuka ngazi, ikapinda kufuata kivuli cha jengo,
na kivuli chenyewe, saa sita hii ya Novemba,
hakimtoshi mtu mmoja na mkoba wake.
Upepo wa Chimwaga unatafuna vumbi na kututemea.

Mbele yangu Tumsifu, anaikimbia Sheria.
Hajaichukia, anasema, ila kila akifungua kitabu
anamsikia babaake akikohoa chumba cha pili.
Yuko pia anayemfuata mchumba;
tumemcheka, kisha tukampisha mbele.
Nyuma yangu Holo. Yeye hasemi.
Ameikunja fomu mara nne, akaikunjua, akaikunja,
hadi jina la programu anayoihama limepasuka katikati.

Mimi ni Nyemo wa Mvumi,
mwaka mzima nimesoma Uhandisi wa Mawasiliano.
Niliijaza kwa kidole cha mjomba:
"Simu ndiyo shamba la sasa," alisema, akabonyeza.
Likizo nikarudi nyumbani, nikakuta foleni uani:
simu zilizofungwa kwa mpira wa baiskeli,
simu iliyotumbukia kwenye mlenda,
redio ya bibi Mbeleje isiyo na matumbo.
"Injinia amekuja!"
Nikazishika moja moja, nikazitikisa sikioni
kama anayepima mayai.
Sikuponya hata moja.

Lakini hiyo siyo sababu. Nisiisingizie redio.

Sababu ni mlango. Machi, Jumanne,
kipindi chetu kilihamishwa na tangazo sikuliona.
Nikaingia, nikaketi, nikatoa kalamu,
na mwalimu nisiyemjua akachora mwamba ubaoni,
itale, jiwe lile lile tunaloanikia uwele,
akaupasua kwa chaki nyekundu.
"Hapa," akasema, "katika nyufa hizi,
maji hukaa miaka."

Mama huamka saa tisa usiku kwenda korongoni
kufukua mchanga kwa kata ya kibuyu.
Shimo la kwanza kavu. La pili kavu.
La tatu, unyevu wa kudanganya ulimi.
Miaka yote nilidhani maji ni bahati,
kwamba kuna watu yanawapenda
na kuna watu yanawapita mbali.
Kumbe yana anwani.

Nilikaa saa mbili. Hakuna aliyenifukuza.

Nimekokotoa hasara, sijioni shujaa.
Mwaka mmoja unamwagika.
Bodi ya Mikopo haijajibu, na huenda isijibu.
Wenzangu watavaa joho
mimi nikiwa bado nagonga mawe kwa nyundo huko Hombolo,
kofia imenishuka hadi machoni.
Na huenda nikaichoka miamba pia.
Hilo nalo nimeliwaza, nikaligeuza mto upande wa baridi,
likabaki pale pale.

Mistari mitatu.
Nimeandika: Nimevutiwa na fani ya Jiolojia.
Miwili nimeiacha wazi.
Karani akagonga muhuri bila kusoma,
akaita, "Anayefuata!"
Holo hakusogea.

Baba sijamwambia.
Nitasubiri mvua ya kwanza, nimfuate shambani,
nimwambie wakati mikono yake yote miwili
imeshika jembe.